Simu ya Android iliyorutiwa au kushushwa toleo: namna ya kutambua tatizo na kulirekebisha

NCHELENGE, Zambia – Kwa mfanyabiashara wa Nchelenge, Kashikishi au Chiengi, simu ya Android siku hizi ndiyo ofisi. Oda za samaki wakavu zinaingia kwa WhatsApp, malipo yanapita Airtel, MTN au Zamtel, na ng'ambo ya Ziwa Mweru, kule Kilwa na Pweto, kuna laini nyingine ya Kongo yenye pochi yake ya fedha. Ndiyo maana simu inapokwama kwenye nembo ya kampuni baada ya kuguswa na fundi, hasara haihesabiwi kwa bei ya simu peke yake. Magunia ya chisense yanaweza kuwa yameshapakiwa huku mwenye mzigo hana njia ya kumlipa dereva, wala haikumbuki namba ya mnunuzi wake wa Kitwe.

Makala haya yanawahusu wale ambao simu zao zimeshafanyiwa kazi hiyo na zinasumbua, pamoja na wale ambao wameshauriwa kuifanya. Msimamo wetu tuutoe mapema ili msomaji aupime: kwa simu inayobeba fedha za biashara, kushusha toleo ni dawa ya mwisho, na kuruti mara nyingi si dawa kabisa. Lakini likishatokea limetokea, na matatizo mengi yanayofuata yana sababu inayojulikana.

MAANA YA MANENO HAYA

Kuruti simu ni kujipatia mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo wa Android, yale ambayo mtengenezaji amemnyima mtumiaji wa kawaida. Ukiwa nayo unaweza kufuta programu zilizokuja na simu na kubadili mafaili ya mfumo wenyewe. Kushusha toleo ni kuondoa Android mpya na kurudisha ya zamani, kwa mfano kutoka 12 kurudi 11. Kazi zote mbili hukutana na butiloda, yaani programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa, ikakagua mfumo na kuamua kama uendelee kuwaka au la. Kuandika mfumo upya kwa kutumia kompyuta ndiko mafundi wanakokuita kuflashi.

FEDHA HAZIMO NDANI YA SIMU

Hili liwe la kwanza kwa kila aliyeshika simu iliyokufa. Salio lako la fedha za mkononi liko kwenye kompyuta za kampuni ya mtandao na limefungwa kwenye laini na namba yako ya siri. Halikai kwenye kioo wala kwenye programu. Toa laini, ipachike kwenye simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, kisha tumia namba fupi ya nyota ya mtandao wako. Utaona salio lako, utamlipa dereva, na mambo ya simu kubwa yatasubiri.

Kwa hiyo usimpe fundi simu ikiwa na laini ndani. Toa laini zote mbili na kadi ya kumbukumbu. Fundi wa programu hazihitaji laini hizo mpaka mwisho, wakati wa kujaribu mtandao, na jaribio hilo linaweza kufanyika ukiwa umesimama hapo. Namba ya siri haihitaji hata siku moja.

Kuna jambo moja la mpakani ambalo maelezo ya Ulaya na Asia hayalitaji. Simu ikishafutwa, WhatsApp na programu za fedha hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako. Ukiwa Kilwa na laini yako ya Zambia haina huduma ya kutumika nje ya nchi, ujumbe huo hautafika. Vivyo hivyo kwa dereva anayepita barabara ya Pedicle, ile inayokatiza ardhi ya Kongo kati ya Mokambo na daraja la Levy Mwanawasa pale Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008. Kazi ya kufuta na kuandika simu upya ifanyike mahali ambapo laini yako kuu ina mtandao wake wa nyumbani, si katikati ya safari.

KWA NINI WATU HUFANYA

Sababu zinazotajwa ni zile zile: simu imekuwa nzito baada ya kupandishwa toleo, nafasi imejaa, betri inaisha haraka, programu fulani ya zamani imeacha kufanya kazi, au matangazo yanajitokeza yenyewe. Zipo na sababu za mtu kutaka tu kuwa bwana wa simu yake, nazo ni halali, ila si kwenye simu ya mauzo.

Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika ni za kampuni ya Transsion ya China, yaani Tecno, Itel na Infinix. Zile ndogo hutumia Android Go, toleo jepesi ambalo Google ililitoa mwishoni mwa mwaka 2017 kwa simu zenye kumbukumbu ndogo. Simu ya aina hiyo ikiwa nzito, mara nyingi kilichojaa ni hifadhi: picha na video za makundi ya WhatsApp, zikiwemo zile za bei za samaki za mwaka juzi. Hifadhi ikibaki kidogo sana mfumo wowote utakwama, wa zamani au mpya. Futa video, hamishia picha kwenye kadi, zima na kuwasha, kisha pima tena siku mbili kabla hujatafuta fundi. Uzito wa siku moja au mbili baada ya toleo jipya nao ni wa kawaida, kwa sababu simu hupanga upya programu zake chinichini.

PROGRAMU YA FEDHA INAKATAA KUFUNGUKA

Hili ndilo lalamiko la kwanza la waliorutiwa simu. Simu inawaka vizuri, WhatsApp inaenda, lakini programu ya benki au ya fedha za mkononi inasema kifaa si salama na kujifunga.

Sababu ni kwamba programu hizo nyingi huuliza mfumo wa Google kama simu iko katika hali aliyoiacha mtengenezaji. Kipimo cha zamani kiliitwa SafetyNet, na nafasi yake imechukuliwa na Play Integrity. Butiloda ikiwa imefunguliwa, au mfumo ukiwa umebadilishwa, jibu linarudi kuwa simu haiaminiki. Zipo njia za kuficha kuruti, nyingi zikitegemea programu iitwayo Magisk, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2016. Hatuzielezi hapa. Tatizo lake kibiashara ni kwamba ni mbio za paka na panya: leo imefichika, kesho Google inabadili kipimo, na programu inafunga ukiwa gati unasubiri boti. Mwaka 2025 Google iliongeza ukali wa kipimo hicho kwa simu zenye Android 13 na kuendelea, kwa kudai ushahidi unaotoka kwenye chipu yenyewe.

Marekebisho ya kudumu ni kurudisha simu katika hali ya asili. Kama ilirutiwa kwa Magisk, fungua programu hiyo na uchague kuiondoa kabisa, ili irudishe faili la kuwashia simu ililokuwa imelihifadhi. Kama nakala hiyo haipo, fundi aandike faili la boot la asili kutoka kwenye toleo lile lile hasa lililopo kwenye simu. Hapa ndipo wengi hukosea: faili la toleo la mwezi mwingine linaweza kuzima mguso wa kioo, Wi-Fi au sauti. Linganisha namba nzima ya toleo iliyoko kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, herufi kwa herufi.

Baada ya hapo, kwenye simu nyingi butiloda inaweza kufungwa tena. Onyo kubwa: usiifunge kama mfumo bado una kitu kisicho cha asili. Simu yenye butiloda iliyofungwa na mfumo uliochezewa haitawaka, na kuifungua tena kunaweza kushindikana. Pia kufungua na kufunga butiloda hufuta kila kitu kilichomo.

Kwa Samsung habari ni nyingine. Ndani yake kuna alama ya Knox inayofanya kazi kama lakiri ya forodha: ukiandika mfumo usio wa Samsung, lakiri inakatika na hairudi tena, hata ukirudisha mfumo wa asili. Huduma zinazoitegemea, kama Secure Folder, hazitafanya kazi tena kwenye simu hiyo. Anayenunua Samsung iliyotumika aiwashe katika hali ya kupakulia na kusoma mstari wa Knox. Ukionyesha 0x0 lakiri ni nzima, ukionyesha 0x1 imeshakatwa.

Wale waliotumia programu za kuruti kwa kugusa mara moja, kama KingRoot, wana shida ya ziada. Programu ya namna hiyo inatumia tundu la usalama kuingia, na baadaye yenyewe ndiyo inayoshika funguo. Programu yoyote yenye mamlaka ya juu inaweza kusoma ujumbe mfupi, pamoja na namba za uthibitisho za benki. Hapa kuiondoa tu haitoshi. Simu iandikwe upya kwa mfumo wa asili, kisha namba za siri zote zibadilishwe kwa kutumia kitochi.

KUSHUSHA TOLEO KUMEKATAA

Fundi amepakua faili la Android ya zamani, kompyuta inaonyesha kosa, au simu inaandika ujumbe mwekundu. Kabla ya kumlaumu fundi, fahamu kwamba simu za miaka ya karibuni zina kinga ya kutorudi nyuma. Ndani ya chipu mna hesabu inayopanda tu. Kila mfumo una namba yake ya usalama. Simu ikishapokea mfumo wenye namba kubwa, ule wenye namba ndogo haukubaliki tena. Kinga ya aina hii iliingizwa katika utaratibu wa ukaguzi wa Android kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, ingawa kila mtengenezaji anaitumia kwa namna yake.

Mfano uliojulikana sana ni wa Google yenyewe. Agosti 2022, simu za Pixel 6, 6 Pro na 6a zilipopandishwa kwenda Android 13, butiloda yao iliongeza namba hiyo, na kampuni ikatangaza wazi kwamba hazitaweza kurudi kwenye Android 12. Lengo lilikuwa kuziba butiloda ya zamani iliyokuwa na udhaifu.

Kwenye Samsung namba hii inasomeka bila kifaa chochote. Angalia namba ya toleo la mfumo, hesabu kutoka mwisho, na herufi au tarakimu ya tano ndiyo ngazi ya butiloda. Faili unalotaka kuliandika lazima liwe na ngazi sawa au kubwa zaidi. Likiwa chini, simu itaandika SW REV CHECK FAIL ikifuatiwa na namba mbili, ya kifaa na ya faili. Hiyo si hitilafu ya waya wala ya kompyuta, na kurudia mara kumi hakutasaidia. Tafuta faili lenye ngazi inayolingana, au baki ulipo. Jambo la heri ni kwamba Samsung inakataa tu, haifi.

Xiaomi na Redmi si hivyo. Kinga yao ilianza kuwasumbua watu mwaka 2018, ambapo baadhi ya wenye Redmi Note 5 Pro walioandika mfumo wenye namba ndogo walijikuta na simu isiyowaka kabisa. Kwa simu hizo fundi anapaswa kuuliza namba ya kinga kwa fastboot kabla ya kugusa lolote, kwa amri ya getvar anti. Fundi asiyejua amri hiyo asiruhusiwe kushusha toleo la Redmi. Vilevile, kufungua butiloda ya Xiaomi kwa njia rasmi huwa na muda wa kusubiri, mara nyingi saa 168, yaani wiki nzima. Anayekuahidi kukufungulia ndani ya nusu saa anatumia njia nyingine, na ni haki yako kuuliza ni ipi.

Kwa Tecno, Itel na Infinix hali inachanganya zaidi kwa kuwa jina moja la simu linaweza kuwa na aina kadhaa ndani: kumbukumbu tofauti, kioo tofauti, hata bodi tofauti. Nyingine hukubali kushuka, nyingine hazikubali. Kwenye simu za chipu ya MediaTek, programu ya SP Flash Tool ikisema kwamba PMT imebadilika, maana yake mpangilio wa vyumba vya hifadhi katika faili haulingani na wa kwenye simu. Mara nyingi ni dalili kwamba umebeba faili la aina nyingine ya simu au la toleo lililo mbali mno. Hapo ni pa kusimama. Fundi mwenye haraka huchagua kufuta kila kitu ili kosa liondoke, na hapo ndipo anapoanzisha tatizo kubwa kuliko la kwanza, ambalo tunalieleza hapa chini.

Msomaji pia atambue kuwa kushuka kwa Android kunaweza kumfungia programu anazozihitaji. Tangu Januari 2025, WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye Android 4.4. Kwa hiyo kufufua simu ya zamani kwa kuirudisha kwenye mfumo wake wa kwanza kunaweza kukupa simu nyepesi isiyopokea oda.

IMEKWAMA KWENYE NEMBO

Usianze na kompyuta. Chaji simu kwa saa moja kwa chaja ya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 15 hivi. Simu nyingi zinazosemekana zimekufa zilikuwa na betri tupu tu baada ya kujiwasha na kujizima usiku kucha.

Ikiwaka na maandishi, yasome. Orange State kwenye simu za MediaTek ni taarifa tu kwamba butiloda imefunguliwa. Subiri sekunde tano na simu itaendelea. Red State ni ukaguzi ulioshindwa, na kwa kawaida inahitaji kuandikwa upya mfumo wa asili. Ujumbe kwamba kifaa kimeharibika, unaotaja dm-verity, mara nyingi hupita ukibonyeza kitufe cha kuwasha, ila unakuambia kwamba mfumo umeguswa.

Kama hakuna ujumbe na nembo inazunguka bila mwisho baada ya kushusha toleo, sababu ya kawaida ni moja: mfumo ni wa zamani lakini data ni za mfumo mpya. Android ya zamani haiwezi kusoma hifadhi iliyofungwa kwa ufunguo wa Android mpya. Tiba ni kuingia rikavari na kufuta data zote. Ndiyo, zote. Hakuna kushusha toleo kwa uhakika ambako kunabakiza picha na ujumbe wako, na fundi anayekuahidi vinginevyo hajakueleza kazi yake. Nakala ichukuliwe kabla: majina ya simu yahamishiwe kwenye akaunti ya Google au faili, kabrasha la WhatsApp linakiliwe kwenye kadi ya kumbukumbu, na namba za wateja kumi wakubwa ziandikwe kwenye daftari la karatasi. Daftari halijawahi kukwama kwenye nembo.

Jambo dogo linalowasumbua watu bure: simu ikishaandikwa upya, tarehe yake huweza kurudi miaka mingi nyuma. Tovuti na programu zitakataa kuunganisha kana kwamba hakuna mtandao. Weka tarehe sahihi kwanza.

IMEI IMEPOTEA, LAINI MOJA HAIFANYI KAZI

Kwa mwenye laini mbili, moja ya Zambia na moja ya Kongo, hili ndilo pigo zito zaidi. Simu inawaka, kila kitu kinaonekana sawa, lakini laini haishiki mtandao. Bonyeza *#06#. Simu ya laini mbili inapaswa kuonyesha namba mbili za IMEI, kila moja ya tarakimu 15. Ukikuta moja tu, au sifuri, au maneno Invalid IMEI, tatizo umelipata, na si la kampuni ya mtandao.

Kwenye simu za MediaTek, IMEI na vipimo vya redio vya simu hiyo hasa hukaa kwenye chumba kinachoitwa NVRAM. SP Flash Tool ina chaguo tatu: kupakua tu, kupandisha mfumo, na kufuta vyote kisha kupakua. Chaguo la tatu hufuta chumba hicho, na faili la mfumo lililotoka kwenye intaneti halina cha kukirudisha, kwa sababu ni mali ya simu yako peke yake. Fundi mzuri huchukua nakala ya NVRAM kabla ya jambo lolote. Muulize swali hilo moja kabla ya kumkabidhi simu. Jibu lake litakutosha kumpima. Simu za chipu ya Unisoc, kampuni iliyojulikana zamani kama Spreadtrum, zina chumba cha namna hiyo hiyo na hatari ile ile, ingawa programu zake ni tofauti na mfumo wake huja katika faili moja la PAC.

Kurudisha namba ile ile iliyoandikwa kwenye boksi la simu yako ni matengenezo. Kuandika namba nyingine ni jambo jingine. Tanzania, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010 inafanya kubadili IMEI kuwa kosa, na Juni 2016 mamlaka ya TCRA ilizima simu bandia zilizotambuliwa kwa namba hizo. Kongo nayo ilianzisha rejesta ya simu iliyoitwa RAM mwaka 2020, ikitoza ada kutoka kwenye salio la muda wa maongezi; ilipingwa sana na ada hiyo ikaondolewa mwaka 2022. Ada imekwenda, lakini funzo kwa mvuka mpaka limebaki: namba hiyo ndiyo pasipoti ya simu. Piga picha ya kibandiko cha boksi leo na umtumie mtu wa nyumbani. Simu ikiwa bado na dhamana, ipelekwe Carlcare, ambao ndio watoa huduma rasmi ya matengenezo ya simu za Transsion, ingawa itakubidi kuipeleka mjini.

KOMPYUTA HAIIONI SIMU

Mara nyingi ni waya. Waya wa kuchajia peke yake hauna nyuzi za data, na tundu la simu inayoshinda mfukoni mwa mtu anayepima samaki wakavu huwa na chumvi na unyevu. Safisha kwa kijiti kikavu, badili waya, badili tundu la kompyuta. Ndipo uulize kuhusu draiva. Simu ya MediaTek iliyozimwa huonekana kwenye Windows kwa sekunde chache tu kisha hutoweka. Hiyo ni tabia yake ya kawaida, na programu inapaswa kuwa tayari inasubiri kabla ya kuchomeka waya.

Umeme ni sehemu ya kazi hii. Mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya Kariba na ZESCO kukata umeme kwa saa nyingi, kila mtu aliona maana yake. Kompyuta ya mezani ikizimika katikati ya kuandika butiloda, simu inaweza isiamke tena. Kazi ifanyike kwenye kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, na simu iwe na chaji zaidi ya nusu.

SIMU INADAI AKAUNTI YA ZAMANI

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa rikavari hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Kinga hii ni dhidi ya wezi, lakini inawafunga wenye mali pia, kwa sababu watu wengi walifunguliwa akaunti dukani na muuzaji, na neno la siri hawakuambiwa. Angalia leo ni akaunti gani iko kwenye simu yako. Kama si yako au huijui neno la siri, weka yako na uiondoe hiyo kupitia mipangilio kabla simu haijaharibika. Risiti ya duka nayo itunzwe, maana bila risiti fundi mwaminifu ana sababu ya kukataa kukufungulia.

Na anayenunua simu iliyotumika, iwe Lubumbashi, Kasumbalesa au Dar es Salaam, asiamini namba ya Android inayoandikwa kwenye mipangilio. Zipo simu bandia ambazo zimechezewa ili zionyeshe toleo jipya na hifadhi kubwa ambavyo havimo. Ukiiandikia simu hiyo faili la jina lililo kwenye mgongo wake, unaiua.

PALE AMBAPO KUFLASHI KUNA HAKI

Agosti 2020, kampuni ya usalama ya Upstream na jarida la mtandaoni la BuzzFeed News zilitoa taarifa kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zilikuwa na programu haribifu za Triada na xHelper tangu zikiwa mpya. Programu hizo ziliwaandikisha watu kwenye huduma za kulipia na kula salio lao bila wao kujua. Transsion ilisema ziliingizwa na mtoa huduma mmoja katika mnyororo wa ugavi. Kilichofanya xHelper iogopwe ni kwamba kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakukutosha kuiondoa.

Kwa simu ya namna hiyo, salio likiisha bila maelezo na programu iliyofutwa ikirudi yenyewe, kuandika upya mfumo safi wa asili, wa toleo lile lile au jipya zaidi, ni matengenezo ya haki. Kumbuka kwamba hapo hatujaruti wala hatujashusha toleo.

Anayelazimika kufanya kazi hii apange wakati wake. Uvuvi kwenye Mweru hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na hicho ndicho kipindi ambacho siku tatu bila WhatsApp hazigharimu sana. Mbali na hapo, hesabu yenyewe si ngumu: linganisha ujira wa fundi pamoja na faida ya siku utakazokaa bila simu, kisha ongeza uwezekano wa simu kufa kabisa. Mara nyingi jumla hiyo inakaribia bei ya simu ndogo mpya, na ile ya zamani inabaki nyumbani kwa muziki na majaribio. Laini yenye fedha ihamie kwenye kitochi tangu siku ya kwanza ya matengenezo, na ibaki humo mpaka simu kubwa imalize wiki moja bila kujizima, *#06# ikionyesha namba mbili zile zile zilizoko kwenye boksi.